Asubuhi Niliyoishiwa Mate

Wewe hapo, ushawahi kuombwa mate na mtu aliyevaa koti jeupe?

Si damu, nasema. Damu nimeshatoa, kidole changu hiki kina vitobo kama chekecheo. Mkojo nao nimetoa mpaka aibu ikaisha yenyewe. Nasema mate, haya haya ya mdomoni, uambiwe, "Bibi, tema humu," halafu mtu ayapokee kwa mikono miwili kama umempa yai. Mimi yalinikuta, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu, kuku wananishangaa.

Ngoja nianze na sukari. Mimi ni mtu wa sukari, ile ya hospitali, siyo ya chai. Ya chai walishaninyang'anya. Tunaishi huku Itiryo, juu kilimani, mimi na mke mwenzangu. Mimi ndiye mkubwa, nililetwa kwanza. Mume wetu alipofariki alituachia boma, ng'ombe, na sisi kwa sisi. Huyu mke mwenzangu ana tabia ya kunifuata. Niliolewa, akanifuata. Nikanunua kitenge cha kijani, akanunua cha kijani. Nikapata sukari, haikupita miaka mingi naye akatoka kupimwa anatabasamu: "Mwenzangu, na mimi ninayo!" Ungedhani kapewa shamba.

Sasa mimi nilikuwa na jambo langu ambalo yeye hakunifuata, kwa sababu hakulijua. Lilikuwa kwenye mguu wa kushoto. Nikitembea kidogo tu, hasa kile kipande cha kupanda kwenda nyumbani, huku nyuma chini ya goti, kwenye nyama ile, panabana. Panabana kama mtu kapashika anapakamua. Nikisimama, panaachia. Nikienda, panashika tena.

Basi nikatafuta ujanja. Kila panapobana, nasimama na kusalimia. Namkuta mama analima, nasimama: "Habari za hapa? Watoto wazima? Na yule ndama aliyekuwa anaharisha?" Nauliza, nauliza, mpaka mguu uachie, ndiyo naaga. Kama hakuna mtu njiani, naita mtu atoke ndani. Siku moja nilipiga hodi na kusalimia nyumba ambayo wenyewe walishahama, nikauliza mpaka habari za mahindi. Kilima kizima kikanisifu. Mchungaji akasimama kanisani akasema, "Mwigeni bibi yetu huyu, hapiti mtu bila kumjulia hali." Nami nimekaa pale kwenye benchi, nasugua mguu, naitikia amina.

Utaniuliza, kwa nini ufiche? Kwa sababu ya mwanangu wa kwanza. Huyu amejenga Turwa, kule Tarime mjini, nyumba ina vigae mpaka ukutani. Kila akija kunitembelea anasema, "Mama, siku ukianza kuumwa miguu, nakuchukua. Sitaki kupigiwa simu kwamba mama yangu kaanguka kilimani." Ni mtoto mzuri, Mungu amtunze. Lakini ile nyumba, jamani! Nilikaa kule kidogo nikaona dunia. Vigae vinateleza, natembea nimeshika ukuta kama mwizi. Nje kuna geti, na mbele ya geti kuna geti la jirani, hayo mageti ndiyo yanayosalimiana. Maziwa yanatoka kwenye pakiti, hujui hata ng'ombe mwenyewe ana rangi gani. Mwanangu akanihurumia, akaniwashia televisheni nitazame ng'ombe. Wanene, wasafi, wa Ulaya. Nikawaita kwa Kikurya, hakuna aliyegeuka.

Kwa hiyo nilishajiambia, huu mguu usijulikane. Ukijulikana, nashushwa Turwa. Na mtu wa umri wangu akishushwa kutoka kwake, kurudi mwenyewe ni kazi. Mara nyingi anarudishwa, na siku hiyo hata hasalimii watu.

Sasa basi. Siku ya kliniki ya watu wa sukari tumekaa pale kwenye mabenchi, tumejipanga, kila mtu na kadi yake, nesi akatuletea kijana. Mwembamba, mtoto wa watu, katoka mkoa wa mbali, Kiswahili chake laini kama kimepakwa mafuta. Akatuamkia, "Shikamooni," tukampenda hapo hapo. Akasema wanafanya utafiti. Akasema mtu mwenye sukari mishipa yake ya damu inaweza kuziba polepole, ya moyo, ya miguu, na mwenyewe asijue mpaka mambo yameharibika. Wao wanataka kuona kama mate yanaweza kuwapa habari mapema.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, haivui hata jua likiwaka. Akauliza, "Mishipa iko mguuni, mate yako mdomoni. Yamejuana wapi?"

Kijana akacheka. "Mzee wangu, mshipa ukiugua, mwili unalalamika. Malalamiko yanatembea na damu, mengine yanatokea mpaka kwenye mate. Sisi tunayasikiliza kwa mashine."

Mimi nikaingiwa na baridi. Kumbe mate ni msengenyaji! Muda wote huo nimefunga mdomo kuhusu mguu wangu, kumbe humo humo mdomoni amekaa mtu anasubiri aulizwe.

Mzee wa kofia hakuwa amemaliza. Na hapa nikueleze wewe usiye wa huku. Kwetu mate ya mtu mzima si uchafu. Mtoto akisafiri, binti akiolewa, hata ng'ombe akinunuliwa, analetwa mbele ya mzee, mzee anamtemea kidogo kifuani, puu, manyunyu tu, na maneno mazuri juu yake. Hiyo ni baraka. Haitolewi ovyo. Kwa hiyo mzee akasimama na fimbo yake akasema, "Mura, kijana wangu, sikiliza. Haya mate yangu ni ya wajukuu. Nikitemea kichupa, nimebariki kichupa. Kichupa kitanenepa, mjukuu wangu atabaki mkavu. Hiyo ni akili?"

Watu wote kicheko. Kijana wa watu akakuna kichwa, chuoni hawakumfundisha hilo. Halafu akasema, "Basi mzee, bariki kichupa, kichupa nacho kitubariki sisi tupate majibu ya kuwasaidia hao wajukuu."

Mzee akakaa chini. "Huyu kafundwa na mama yake," akasema. "Niandikeni."

Mimi nilikuwa nimeshageuza uso kuangalia ukuta nisiandikwe. Lakini tulikuwa tumeletwa na mjukuu wangu, binti wa yule yule mwanangu wa Turwa. Huyu binti anauza simu pale Bomani, mjini, ana pikipiki yake mwenyewe, anaiendesha mwenyewe na kofia ngumu kichwani, wanaume wanampisha. Yeye kule nyuma akapaza sauti: "Na bibi zangu wote wawili, waandikeni!" Mke mwenzangu mkono ulikuwa juu zamani. Ningekataa, angeniuliza kwa nini mpaka Krismasi. Nikaandikwa.

Masharti yakawa hivi: siku ya kuja, saa moja kabla ya kutoa mate, usile, usinywe, usipige mswaki, na ugoro usiuguse. Hapo kwenye ugoro nikaona wamenitazama mimi.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Mke mwenzangu ni redio. Alipofika nyumbani akatangaza kwamba serikali inachukua mate ya wazee. Habari ikapanda kilima, ikashuka upande wa pili, iliporudi kwetu ilikuwa imeota mapembe: kwamba baada ya siku ile wazee hawatakuwa na mate tena, mwenye shida yake awahi.

Asubuhi ya siku yenyewe nafungua mlango, nakuta foleni uani.

"Mna nini?" nikauliza.

"Bibi, tumekuja tubarikiwe kabla hawajayachukua."

Ningefanyaje? Nimfukuze mtu anayetaka baraka? Na kawaida yangu mimi nikibariki navuta kwanza funda la maji au uji, naliweka mdomoni, ndiyo napuliza. Siku hiyo kunywa marufuku. Walisema saa moja tu kabla, lakini sisi kwa kuogopa kuharibu kazi za watu tulianza kujizuia tangu tulipofumbua macho. Kwa hiyo nikawa natumia yangu mwenyewe, safi, bila kuongeza kitu.

Wa kwanza mama mmoja na mwanawe wa kidato cha nne. Nikamtemea kifuani, puu, ukasome, ukafaulu. Mama akatoa kalamu: "Na hizi, Bibi." Puu. "Na rula." Nikamwambia rula haifanyi mtihani. "Itamsaidia hesabu." Haya, puu. Akaja mwenye pikipiki mpya, akataka gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, na breki. "Breki hasa, Bibi, hapo weka ya kutosha." Akaja mwenye kuku anayekataa kulalia mayai. Yule kuku alivyotemewa alikasirika, akanitazama vibaya, lakini nasikia alilalia. Wa mwisho alikuwa mgeni kabisa, mmoja wa hawa vijana wanaokuja kuchimba dhahabu. Akafungua vifungo vya shati kama alivyoona wenzake wanafanya, nikambariki vizuri, upate jiwe kubwa, urudi kwenu salama. Akajifuta, akasema, "Asante sana Bibi. Sasa mchele unagawiwa upande gani?" Masikini, aliona foleni akajipanga tu.

Na mke mwenzangu je? Yeye naye anaweza kubariki, ana wajukuu kama mimi. Lakini alikaa kwenye kigoda chake mdomo kaubana kama mtoto anayekataa dawa. Akiongeleshwa, anaitikia kwa nyusi. Yeye aliyetangaza! Alikuwa anatunza yake.

Mjukuu akafika na pikipiki. "Bibi, unafanya nini?"

"Nabariki."

"Na hospitali utatoa nini?"

Nikataka kumjibu, ulimi umegandia juu.

Tukapanda. Mjukuu mbele, mimi katikati kama nyama kwenye mshikaki, mke mwenzangu nyuma, bado kaubana mdomo. Tukashuka kile kilima upepo unanipiga usoni, na kidogo kilichokuwa kimebaki kikakauka huko huko njiani. Pikipiki tuliiacha kwenye geti la hospitali, kutoka pale ni mguu mpaka kliniki, nami nikasalimia kama kawaida yangu.

Yule kijana alitupima sukari kwanza kidoleni. Aliposikia hatujala tangu alfajiri alishika kiuno. "Bibi zangu, nilisema saa moja! Mtu wa sukari hakai na njaa hivyo, mngeanguka njiani." Akatuwekea mkate na chai pembeni, ya bila sukari, akasema tutoe mate haraka tule. Akanipa kichupa. Chembamba, kina mstari ubavuni, mate yafike hapo.

Nikakaa. Nikainama. Nikasubiri.

Hakuna.

Sukari yenyewe inakausha mdomo, hilo wenzangu wa sukari mnalijua, usiku unaamka ulimi kama kipande cha ngozi. Sasa weka na kalamu, na rula, na breki. Nilijaribu kutafuna hewa. Nilijaribu kujikumbusha mito. Kikatoka kitu kama umande, hata chini ya kichupa hakikufika.

Pembeni yangu mke mwenzangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile. Mama yangu! Kikajaa, kikapita mstari. "Nesi!" akaita. "Hiki kimejaa. Hamna kikubwa?" Halafu akatupa jicho kwenye changu. "Mwenzangu, mbona kuna kiangazi?"

Nikakifunika kwa kiganja.

"Nikuongezee?"

"Utaniongezeaje?"

"Lete hapa. Tulichangia mume, tutashindwa kuchangia mate?"

Nikuambie ukweli, nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Huyu mke mwenzangu anapanda kilima kama mbuzi. Mate yake yakiingia kwenye kichupa changu, mashine itasikiliza miguu yake, itasema huyu bibi mzima kabisa, nami nabaki kwangu na ng'ombe wangu. Mkono ukawa unasogea wenyewe. Yeye ameshainama, mdomo tayari, na yule kijana akaruka juu ya benchi zima.

"Bibi! Bibi, hapana! Ukiweka humo, haya mate yatasema habari za nani?"

"Za familia," akajibu mke mwenzangu.

Kijana akakaa chini kabisa, akajishika kichwa, mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Alipopata sauti akaniambia, "Bibi, nisikilize. Fumba macho, fikiria ndimu. Ndimu imekatwa, unailamba."

"Naifikiria," nikamwambia. "Haifiki."

Hapo mjukuu wangu akaja akachuchumaa mbele yangu. "Huyo humwezi kwa ndimu," akamwambia kijana. Akanishika magoti. "Bibi, fumba macho. Ni Jumapili. Wamechinja. Ubavu upo kwenye moto, unasikia? Mafuta yanadondokea mkaa, tsss. Sasa wanakoroga kichuri, ule mchuzi wa utumboni, mchungu vizuri, wametia chumvi kidogo na pilipili. Wanaichovya nyama humo, inatoka imeloa, inadondosha. Ugali wa udaga, ule wa muhogo, umeshapikwa, mweusi, wa moto, unanyumbuka. Anakuja mtu na sahani. Anawapita wote. Anasema, ya kwanza ni ya Bibi."

Jamani! Mdomo ulifunguka kama bomba la kijiji siku mgeni mkubwa anapokuja kulizindua. Nikatema, nikatema, mpaka mstari. Na siyo mimi peke yangu. Benchi zima lilikuwa limenyamaza kumsikiliza yule binti, watu wanameza mate hovyo, na mzee wa kofia ya sufu akapiga kelele, "Kichupa! Leteni kichupa haraka, yanapotea!" Kijana anakimbia huku na huku na vichupa kama mhudumu wa harusi. Kazi ya asubuhi nzima ikaisha hapo hapo. Nilisikia anamwuliza mjukuu wangu kama siku nyingine anaweza kuja kusaidia. Sasa kama aliulizia mate au aliulizia mengine, mimi simo.

Tunakula mkate wetu, mjukuu akanifuta kidevu, akainama sikioni. "Bibi, kutoka getini mpaka hapa umesimama kusalimia hadi mwarobaini."

"Una kivuli kizuri."

"Ni mguu wa kushoto, eti?"

Nikaacha kutafuna. "Usimwambie baba yako."

Akachukua kikombe changu akaenda kukiosha.

Zikapita wiki. Nikaanza kusahau, unajua mtu anasahau vile anavyotaka kusahau. Halafu simu ikapigwa, Bibi aje kliniki, majibu yapo. Na ilipigwa kwa mke mwenzangu, kwa sababu yangu ilikuwa haina chaji. Umeshajua kilichofuata. Kabla sijavaa viatu, mwanangu kashafika kutoka Turwa na gari, viatu vinang'aa, na kwenye siti ya nyuma nikaona ameweka begi tupu. Begi kubwa. Sikuuliza la nini.

Safari hiyo kulikuwa na daktari, mama wa makamo, anaongea taratibu. Yule kijana akasimama karibu yake. Daktari akasema, "Bibi, mate yako yametuonyesha dalili. Lakini hii bado ni kujifunza, mate peke yake hatuyapi kazi ya kuhukumu. Tutapima mguu wenyewe."

Nikalazwa kitandani. Wakanifunga ile mipira ya kupimia presha, mkononi, halafu kwenye vifundo vya miguu. Wakanipaka kitu cha baridi kama ute wa bamia, wakaweka kikalamu juu yake, na hapo, usicheke, mguu wangu ukaanza kuongea! Kuna kispika kidogo, kinatoa sauti ya damu. Mguu wa kulia ukasema kwish, kwish, kwish, vizuri tu, kama mtu anafagia ua. Wakahamia wa kushoto. Fsss. Fsss. Kama redio ya betri zilizokwisha, unaigonga gonga ndiyo inasema.

Mwanangu akaangalia chini.

"Na mimi!" akasema mke mwenzangu. Alishapanda kitanda cha pili, kiatu kimeshavuliwa. Wakampima kumridhisha. Mguu wake ukaunguruma kama mashine ya kusaga siku ya gulio. "Mnasikia? Huyo ni mimi! Huyo ni mimi mwenyewe!" Akataka waongeze sauti watu wa nje wasikie.

Daktari akaniambia mishipa ya mguu wa kushoto imepungua njia. Haijaziba. Imepungua. Akaniuliza kama nikitembea panauma, na kwa kuwa mguu wenyewe ulishasema mbele ya watu, sikuona sababu ya kubishana nao. Nikasema panauma.

"Tangu lini, Mama?" akauliza mwanangu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Siyo ya hasira. Ningependa ingekuwa ya hasira.

"Tangu nilipoanza kusifiwa kanisani," nikamwambia.

Daktari akanipa masharti. Dawa kila siku bila kuruka. Ugoro basi, kabisa, kwa sababu tumbaku inabana mishipa hiyo hiyo. Viatu muda wote, hata uani, na nyayo ziangaliwe kila siku, kwa sababu kidonda kidogo kwa mtu wa sukari mwenye mishipa ya hivyo ndicho kinachofika mpaka kwenye kukatwa mguu. Na akasema nitembee. Nitembee mpaka paume, nipumzike, nitembee tena, kila siku, mishipa midogo itajifunza kusaidia.

Mimi masikio yalisimama. "Hata kupanda kilima?"

"Polepole, hata kilima."

Nikamgeukia mwanangu. "Umesikia? Kilima ni dawa. Huko Turwa ni tambarare, nitakufa."

"Mama," akasema, "kilima sawa. Dawa nani atakukumbusha? Ugoro nani atakunyang'anya? Na nyayo, unaweza kuziona mwenyewe?"

Nikainua mguu kumwonyesha kwamba naweza. Goti likagoma katikati. Nikaushusha kama vile nilikuwa nanyoosha tu.

"Nitamwangalia mimi," akasema mke mwenzangu.

"Mama mdogo, juzi ulimfunga mbwa kamba ukidhani ni ndama."

"Kulikuwa na ukungu."

Mwanangu akavuta pumzi. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na jasho, nikajua mtoto huyu anaogopa kuliko mimi. "Mama, sitaki ukatwe mguu. Begi lipo kwenye gari. Twende tuchukue nguo zako."

Niliangalia ile mipira ya presha imelala kitandani, nikawaza nani atawaita ng'ombe wangu jioni, maana mke mwenzangu huyu akiwaita wanakuja wa jirani.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kofia ngumu mkononi. Akapita mbele ya baba yake, akapiga magoti palepale sakafuni, akaushika mguu wangu wa kushoto akaugeuza, akaangalia unyayo pande zote, katikati ya vidole, taratibu, kama anatafuta mwiba.

"Hakuna kidonda," akasema. "Baba, lile begi nipe mimi."

"La nini?"

"Nahamia Itiryo."

"Na duka lako Bomani?"

"Pikipiki ninayo. Asubuhi nashuka, jioni napanda. Wenzangu wanatoka Sirari, kule mpakani, kila siku, mimi nina nini?"

"Unasema tu. Utakaa wiki, utachoka."

Mjukuu akaniangalia mimi, mguu wangu bado yuko nao mapajani, akasema, "Bibi, hakuna atakayekushusha. Hizi nyayo nitaziangalia mimi kila jioni kabla sijala, na siku nikisahau, usinipe chakula."